Jinsi ya Kukabidhi Mzoga, Fuvu na Meno kwa Idara ya Wanyamapori: Mwongozo kwa Mtegaji Mpya

Kila msimu wa kutega unapokaribia, wategaji wapya huuliza maswali yale yale. Mzoga mzima unatakiwa, au fuvu tu? Meno yachemshwe? Ngozi ikiuzwa kabla ya kutiwa lakiri, yaani alama ya idara yenye namba, inakuwaje? Majibu nimeyaweka hapa pamoja, kwa ajili ya mtu mwenye leseni mkononi ambaye bado hajawahi kusimama mbele ya afisa wanyamapori akiwa na mfuko wa mizoga.

Mwongozo huu ni wa wanaotega wanyama wa manyoya Marekani na Kanada: bobkati na linksi, ambao ni paka-mwitu, pamoja na fisi-maji, pekani, marteni na wolverini, ambao ni jamii ya vicheche, na jamaa zao. Kila jimbo lina kanuni zake, na kanuni hizo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo sitaorodhesha majimbo. Nitaeleza kazi yenyewe: kuchukua sampuli, kuiandikia, kuihifadhi na kuikabidhi ikiwa bado ina faida kwa mtaalamu atakayeipokea.

Kwanza ujue kwa nini unasumbuliwa. Bobkati, linksi na fisi-maji wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo ngozi zao haziuzwi nje ya nchi mpaka serikali iridhike kwamba uvunaji hauwadhuru wanyama hao. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa mjini Washington ilizuia ngozi za bobkati kusafirishwa nje kwa sababu serikali haikuwa na takwimu za kuaminika. Bunge likabadili sheria mwaka uliofuata, lakini wategaji wa enzi hiyo walishaonja kufungiwa soko kwa kukosa takwimu. Jino unaloombwa leo ni sehemu ya takwimu hizo. Mtegaji anayekabidhi sampuli nzuri anautetea msimu wake kuliko anayelalamika mkutanoni, na ninaliamini hilo kwa dhati.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Leseni, na kijitabu cha kanuni cha mwaka huu. Cha mwaka jana kiweke kando.
- Namba ya simu ya afisa wa eneo lako na ya mwanabiolojia anayeshughulikia wanyama wa manyoya.
- Glovu za mpira, jozi nyingi, na miwani ya kukinga macho.
- Kisu kikali cha kuchunia, kisu kidogo chembamba, na msumeno mdogo wa mfupa.
- Mifuko migumu ya plastiki ya kugandishia mizoga.
- Bahasha ndogo za karatasi kwa ajili ya meno.
- Lebo zisizoloa, waya mwembamba, na penseli. Usitegemee kalamu ya wino, maana wino huyeyuka kwenye maji na damu, na hata ile ya kudumu hufutika ikiguswa na spiriti.
- Nafasi ya kutosha ndani ya friza, mbali na chakula.
- Daftari lako mwenyewe. Hili wengi hulidharau, na ndilo litakalokuokoa karatasi nyingine zikipotea.

Hatua za kufuata

1. Soma kanuni kwa kila mnyama peke yake.
Usidhani kwamba kanuni ya marteni ndiyo ya fisi-maji. Kwa kila mnyama tafuta mambo manne: sehemu gani ya mwili inatakiwa, ndani ya muda gani, inapelekwa wapi, na ngozi iwe katika hali gani inapofika. Kwenye muda, angalia sana siku zinaanza kuhesabiwa lini. Kanuni moja huhesabu tangu siku uliyomkamata mnyama, nyingine tangu msimu ulipofungwa. Vermont, kwa mfano, imekuwa ikitaka ngozi za bobkati, pekani na fisi-maji ziletwe kutiwa lakiri ndani ya saa 48 baada ya msimu kufungwa, na mizoga yao ikabidhiwe hapo hapo. Mtu aliyezoea saa hizo akihamia jimbo lingine anaweza kujikuta amechelewa siku ya kwanza tu.

2. Piga simu kabla hujatega.
Muulize mwanabiolojia mambo mawili. La kwanza: mwaka huu mna uchunguzi wowote wa ziada? Huenda wanatafuta maini ya kupima sumu ya panya, au vipande vya nyama vya kupima vinasaba, na hayo hayamo kijitabuni. La pili: mnapendelea taya zima au jino lililokwisha kung'olewa? Jibu la swali hili la pili linaweza kukuondolea nusu ya kazi.

3. Andika lebo pale pale kwenye mtego.
Usingoje kufika nyumbani. Ukiwa na marteni wanne ndani ya mkoba, ukifika jioni hukumbuki yupi alitoka bondeni na yupi alitoka ng'ambo ya mto. Lebo ya kila mnyama iwe na:

- jina lako na namba ya leseni;
- aina ya mnyama na jinsia yake;
- tarehe uliyomtoa mtegoni;
- namba ya kitengo cha usimamizi wa wanyamapori (eneo ambalo idara imelipa namba), pamoja na mji au wilaya;
- aina ya mtego;
- namba ya mfuatano uliyompa, ile ile iliyomo daftarini.

Kuhusu mahali, najua mioyo inavyokuwa mizito. Hakuna mtegaji anayependa kutangaza mkondo wake mzuri. Mara nyingi namba ya kitengo au jina la wilaya linatosha, na ukiombwa majiranukta ya GPS una haki ya kuuliza nani atayaona. Jambo usilolifanya kamwe ni kutaja mahali pa uongo. Ukimhamisha pekani karatasini kutoka kitengo kimoja kwenda kingine, kitengo cha kwanza kitaonekana hakivunwi na cha pili kitaonekana kinavunwa kupita kiasi, halafu mwakani idadi inayoruhusiwa itapangwa kwa kufuata uongo wako. Watakaoumia ni majirani zako.

4. Thibitisha jinsia wakati wa kuchuna.
Usikisie kwa ukubwa wa mwili. Kwa jamii ya vicheche, yaani marteni, pekani, fisi-maji na wolverini, dume ana mfupa ndani ya uume, na ukipapasa chini ya tumbo utausikia. Bobkati ndiye hupotosha watu: viungo vya dume ni vidogo na vimefichwa na manyoya, kwa hiyo madume mengi huandikwa kuwa majike. Geuza ngozi, tafuta korodani kwa macho, ndipo uandike. Ukishindwa kuwa na hakika, andika "haijulikani". Mtaalamu ataitambua jinsia kutoka kwenye mzoga, lakini lebo iliyokosewa kwa kujiamini humpotosha.

*Onyo la afya.* Vaa glovu tangu unapomshika mnyama mpaka umeosha meza. Panya-miski na biva, wagugunaji wa majini, wanaweza kuwa na tularemia, ugonjwa wa bakteria ambao huingia hata kwenye mkwaruzo mdogo. Kinyesi cha rakuni kina mayai ya minyoo ya duara ambayo ni hatari kwa ubongo wa binadamu. Mbweha na koyote wanaweza kubeba tegu wa Echinococcus, na mayai yake hayafi kwenye friza ya nyumbani, kwa hiyo usijidanganye kwamba mzoga ukishaganda uko salama. Matumbo usiyapasue bila sababu, na mbwa wako asipewe mabaki.

5. Tenga sehemu inayotakiwa, bila kuiharibu.
Hapa ndipo sampuli nyingi huharibika, basi nitakaa kidogo.

*Meno.* Umri wa mnyama husomwa kwenye sementi inayoufunika mzizi wa jino. Kila mwaka huongezeka tabaka jipya. Maabara hukata jino vipande vyembamba mno, huvitia rangi, kisha huhesabu mistari chini ya hadubini. Kwa hiyo sehemu yenye thamani ni mzizi, hasa ncha yake. Taji jeupe linalopendeza machoni halimsaidii sana anayehesabu.

Kama umeruhusiwa kukabidhi taya zima la chini au fuvu zima, fanya hivyo. Ni rahisi kwako na ni bora kwa maabara. Kama lazima ukate taya, kumbuka kwamba mzizi wa chonge ni mrefu kuliko unavyodhani. Unarudi nyuma ndani ya mfupa, chini ya meno yanayofuata. Ukikata karibu na chonge umeshaukata mzizi. Peleka msumeno nyuma kabisa ya magego madogo.

Kama umeombwa jino lililong'olewa, usilishike kwa koleo ukalivuta. Litavunjika, na ncha itabaki ndani. Kwanza lowesha taya kwenye maji ya moto yasiyotokota mpaka fizi zilegee. Pitisha kisu chembamba kuzunguka jino, ukikata nyuzi zinazolishika kwenye mfupa. Litikise pole pole kila upande. Likianza kucheza, lisukume litoke. Likigoma, lirudishe majini na usitumie nguvu.

Usichemshe kwa muda mrefu, na usitie dawa ya kung'arisha nguo. Joto kali na klorini huila sementi, na jino jeupe likafika maabara halisomeki. Watu wanaotaka fuvu safi la kuweka ukutani ndio hasa huanguka hapa: hulisafisha fuvu kwanza, ndipo wakumbuke kwamba idara ilitaka jino. Toa jino kwanza, fuvu ulisafishe baadaye.

*Mji wa mimba na ovari.* Mara nyingi huombwa mzoga mzima wa jike, na kazi yako ni kutopasua tumbo ovyo. Marteni na pekani wanategwa majira ya baridi, wakati mimba iliyotungwa miezi mingi nyuma bado haijajishika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Hivyo mtaalamu hukata ovari na kuhesabu alama zinazoachwa na mayai yaliyopevuka. Ovari ni ndogo sana na hupotea kirahisi pamoja na mafuta. Kama umeombwa viungo hivyo peke yake, kata ukiacha mafuta yanayovizunguka. Watavisafisha wenyewe.

*Ini na nyama.* Kwa kupima sumu, kata kipande cha ini kwa kisu safi, kitie kwenye mfuko wake, kigande siku hiyo hiyo. Kwa vinasaba, kipande kidogo cha ulimi au cha msuli kinatosha. Osha kisu kati ya mnyama na mnyama, la sivyo damu ya mmoja itaingia kwenye sampuli ya mwingine na matokeo yatachanganyika.

6. Fungasha kila sampuli kwa njia yake.
Mzoga na ini: mfuko wa plastiki, hewa itolewe, kisha kwenye friza. Jino: bahasha ya karatasi, likiwa limekauka. Usilitie jino kwenye plastiki. Unyevu hukwama ndani, ukungu huota, na jino huanza kuoza au kupasuka. Mnyama mmoja, bahasha moja. Andika kwenye bahasha kabla ya kutia jino, maana ukiandika likiwa ndani unaweza kulivunja.

Kwa mzoga, weka lebo mbili: moja imefungwa kwa waya kwenye mguu, nyingine nje ya mfuko. Mifuko huraruka na lebo za nje hubanduka kwenye barafu. Ile ya mguuni hubaki.

Ukikunja mzoga kabla haujaganda, ukunje ukae kama furushi. Mzoga ulioganda umenyooka, miguu imetawanyika, hujaza friza nzima na kutoboa mifuko ya jirani.

7. Peleka ngozi itiwe lakiri ikiwa imeyeyuka.
Lakiri hupenyezwa kwenye ngozi yenyewe, kwa kawaida kupitia tundu la jicho au mdomo, kisha hufungwa isifunguke tena. Ngozi iliyoganda kama ubao haitoboki. Alaska, kwa dubu, hutaka fuvu na ngozi viwe vimeyeyuka, kwa kuwa afisa hung'oa jino dogo la fuvu hapo hapo. Toa ngozi kwenye friza mapema, na kama utaikausha mwenyewe, acha upenyo wa lakiri pale unapotarajiwa.

Hakikisha kwa macho yako kwamba lakiri imefunga, na uandike namba yake daftarini. Lakiri iliyofunguka au kukatika haikubaliki kwa ngozi ya kusafirishwa nje ya nchi.

*Onyo.* Usivushe mpaka wa jimbo na ngozi isiyo na lakiri inayotakiwa, hata kama mnunuzi yuko upande wa pili na bei ni nzuri. Chini ya Sheria ya Lacey, iliyopo tangu mwaka 1900, kusafirisha kutoka jimbo moja hadi lingine mnyama aliyepatikana au kumilikiwa kinyume cha sheria ya jimbo hugeuka kosa la shirikisho. Unaweza kuanza na karatasi iliyosahauliwa ukaishia kupoteza leseni.

8. Kabidhi, na uondoke na ushahidi.
Fika na orodha: namba ya kila mnyama, jinsia, tarehe na kitengo. Someni pamoja na afisa, mfuko kwa mfuko. Omba risiti au saini kwenye daftari lako. Maafisa wengi wana kazi nyingi na msimu ukifungwa hupokea mizoga mingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mchanganyiko hutokea bila nia mbaya ya mtu yeyote. Mwenye risiti hahangaiki.

Hapo hapo uliza kama utatumiwa matokeo. Kuna idara ambazo humrudishia mtegaji umri wa wanyama wake, na ukiyapata yasome. Kama majike wazima wameanza kujaa kwenye orodha yako na wachanga wamepungua, hiyo ni ishara ambayo wewe mwenyewe unaweza kuifanyia kazi kwa kupunguza mitego mahali hapo bila kungoja amri.

9. Jaza ripoti ya msimu hata kama hukupata kitu.
Sifuri ni jibu. Mwanabiolojia hulinganisha idadi ya wanyama na juhudi iliyotumika, yaani mitego mingapi kwa usiku ngapi. Wakiripoti waliofanikiwa peke yao, wanyama wataonekana wengi kuliko walivyo. Katika daftari andika kila siku idadi ya mitego iliyokuwa wazi, ili mwisho wa msimu usibuni.

Mambo yakienda kombo

*Jino limevunjika.* Tafuta kipande cha mzizi na ukitie kwenye bahasha ile ile. Kisha toa jino la upande wa pili, au kabidhi taya zima. Andika "limevunjika" kwenye bahasha. Usigundishe vipande kwa gundi.

*Friza imezimika na mizoga imeanza kunuka.* Usiitupe kabla ya kupiga simu. Ovari na ini huenda visifae tena, lakini meno huvumilia sana uozo. Afisa anaweza kukuruhusu ukate vichwa tu.

*Lebo mbili zimechanganyika.* Usibahatishe. Mweleze afisa ni mizoga ipi isiyo na hakika. Umri na vinasaba bado vinaweza kupimwa hata pale mahali hasa pasipojulikana, mradi iandikwe wazi kwamba hapajulikani.

*Fundi wa kuhifadhi wanyama anaishikilia ngozi, au fuvu unalitaka mwenyewe.* Zungumza na idara kabla ya kumpa fundi chochote. Huenda wakakubali jino moja dogo badala ya fuvu zima. Kwa vyovyote, nakala ya lebo na namba ya kibali vimfuate mnyama popote anapokwenda.

*Umepitisha muda.* Piga simu mwenyewe leo, kabla hujapigiwa. Eleza sababu, sema mizoga iko wapi na katika hali gani, na uulize upeleke wapi. Siwezi kukuahidi kwamba hutaandikiwa faini, ila anayejitokeza na anayefumaniwa hawatazamwi kwa jicho moja.

*Mnyama alikuwa na tabia ya ajabu:* anapepesuka, anatoa mapovu, haogopi watu. Usimchune. Usimpige risasi ya kichwa, kwa sababu kipimo cha kichaa cha mbwa hufanywa kwenye ubongo. Piga simu idarani, na kama ameshakufa, mweke mahali pa baridi bila kumgandisha mpaka uelekezwe. Ukiwa umeumwa au mate yake yamekuingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

*Umemkamata mnyama ambaye huna ruhusa ya kumtega.* Kama yu hai na unaweza kumwachia kwa usalama, mwachie, kisha ripoti pale kanuni zinapodai. Ukimkuta linksi katika majimbo 48 ya Marekani yaliyo kusini ya mpaka wa Kanada, piga simu mara moja: huko analindwa na sheria ya shirikisho ya viumbe walio hatarini tangu mwaka 2000. Kama amekufa, mwache pale pale, usimchune na usimfiche, piga picha ya mtego ulivyokaa, na ungoje maelekezo. Wakikuambia umpeleke, mfungie lebo yenye maelezo yote ya hatua ya 3, na uandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba hakukusudiwa.